Kura ya Mkwe Wangu

Siku nne nilitembea na kura ya mkwe wangu tumboni kama mtu aliyemeza kokwa la parachichi. Sikumwambia mtu.

Mkwe mwenyewe ni Mheshimiwa Sydney Khaemba, mwakilishi wa wadi yetu hapa Kiamunyi. Amemuoa binti yangu Mitchelle, mwaka wa tisa huu, na wana mtoto mmoja, Travis. Ni mwanamume wa kupendeza, wanasema. Mimi sijui. Sisi Wabukusu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Akiingia kwa mlango huu, mimi natokea kwa ule. Matangani tunaonana migongo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hiyo mila ilitungwa na mwanamume aliyechoka kusemwa. Nikamwambia hapana, ilitungwa na mwanamke aliyechoka kupika.

Sasa hiyo kura. Kwenye bunge letu la kaunti kuna mswada wa kuondoa vibanda vyote vilivyo mbele ya mageti ya watu, ati vinachafua makazi. Kibanda changu kiko mbele ya geti langu mwaka wa kumi na nane: sukuma wiki, nyanya, viazi vya Mau Narok, maziwa ya asubuhi kutoka Subukia. Ndicho kilichomsomesha Mitchelle mpaka chuo. Katika chama chetu cha kuchangiana tuko kina mama kumi na wawili, na kumi na mmoja tunakula kutoka kwa vibanda. Wa kumi na mbili ni Wangare, ambaye anauza mdomo.

Jumapili moja Sydney alisimama kanisani akasema, "Mama zangu, huo mswada niliupinga. Nilisimama peke yangu kama Danieli." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nyuma kabisa, nimejificha kwa mgongo wa mama mmoja mnene.

Lakini kabla ya hapo alikuwa amekuja msichana mmoja anaitwa Lynn, wa shirika fulani, akatufundisha kufungua tovuti inayoweka miswada yote na kura za kila mheshimiwa. Unaandika jina, unaona kila kitu: mswada gani, umesomwa mara ngapi, nani alisema ndiyo, nani alisema la, nani hakuwepo. Chama kikanichagua mimi niwe wa kutazama, kwa sababu nilimaliza darasa la saba na nina miwani.

Jumatatu baada ya ile ibada nikafungua. Kumbe huwa wanaweka na picha. Nikaifunika kwa kidole gumba, mila ni mila, nikasoma chini ya kidole. Mswada wa vibanda, kusomwa mara ya pili. Khaemba, Sydney: Ndiyo.

Nikapangusa miwani. Nikazima simu nikaiwasha tena. Ndiyo ikabaki ndiyo.

Ningemwambia nani? Nikiwaambia kina mama, kabla ya saa sita Wangare atakuwa ameifikisha Subukia, na Mitchelle ndiye atakayelala nayo kitanda kimoja. Nikinyamaza, kibanda changu kinang'olewa pamoja na vile kumi. Kwa hivyo kila nikiulizwa nilijibu, "Mtandao unasumbua." Maskini mtandao, haujawahi kunisumbua hata siku moja.

Ijumaa chama kilikutana kwangu. Sisi tuna sheria: ukiingia, simu inawekwa kwa beseni, beseni linafunikwa kwa kitambaa na kupandishwa juu ya kabati. Simu itakayolia, mwenyewe analipa faini. Sheria hiyo niliitunga mimi, mwenyekiti, kwa sababu ya Becky, ambaye simu yake ilikuwa inacheza muziki wa baa katikati ya Baba Yetu. Yangu peke yake ndiyo inaruhusiwa, kwa kazi ya kutazama.

Tulikuwa kwa kikombe cha pili cha chai gari likapiga honi getini. Mwenzetu Chepchumba akachungulia dirishani.

"Mama Mitchelle, kimbia! Mkwe!"

Mkwe haji kwa mama mkwe ghafla hivyo. Anatuma habari siku mbili mbele ili mama ajipange. Nilinyakua leso na simu nikaingia chumba cha kulala, nikarudisha mlango. Chumba changu kina mlango mmoja tu, wa kutokea sebuleni, na dirisha la vyuma ambalo niliweka baada ya wezi wa mwaka juzi. Fundi aliniapia kwamba hapo hapiti mtu. Alisema ukweli.

Nikasikia viatu vyake kwa sakafu yangu.

"Mama zangu, hamjambo! Kaeni, kaeni. Mama yuko?"

"Yuko huko ndani," Wangare akasema. "Umemfungia kama kuku wa Krismasi."

"Aii, msalimieni. Asijisumbue."

Asijisumbue! Hapo ndipo nilipoelewa. Huyu alijua leo ni chama, alijua ni kwangu, na alijua akiweka tu mguu ndani mimi nitaondoka mwenyewe bila kusukumwa. Wengine huajiri vijana wa kuzuia watu. Yeye alitumia adabu yangu.

"Sitakaa," akaendelea. "Nina karatasi moja tu hapa. Jumatano mswada unasomwa mara ya tatu, na mimi nataka niende kuumaliza nikiwa na nguvu yenu. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Basi."

"Na hapa juu mbona ni peupe?" Hiyo ilikuwa sauti ya Chepchumba.

"Hapo tutaandika ofisini. Ni orodha tu ya waliohudhuria."

Nikakaa kitandani. Lynn alituambia mswada hauwezi kupita bila wananchi kuulizwa, na ushahidi kwamba waliulizwa ni orodha kama hiyo. Hapo juu wataandika: kina mama wa Kiamunyi wameusikia mswada na kuukubali. Na chini yake majina ya wenye vibanda wenyewe, kwa mkono wao.

Nikamwandikia Chepchumba ujumbe: MSIANDIKE KITU. Juu ya kabati beseni likanguruma kama lina nyuki.

"Faini!" Becky akapiga kelele kwa furaha. "Leo si mimi! Nani huyo?"

"Acheni, itaonekana mwisho," mwingine akasema. "Sheria ya mwenyekiti ni sheria."

Nikatuma wa pili. Beseni likanguruma tena, wakacheka. Kupiga kelele sikuweza. Mama mkwe kumpazia mkwe sauti ni kama kumvulia nguo, na kwetu aibu hiyo humfuata mpaka mjukuu. Nikatazama dirisha. Nikatazama mlango. Na chai ya vikombe viwili nayo ilikuwa imeanza kuuliza njia iko wapi.

Mlango ukafunguka kidogo, akaingia Mitchelle. Sikuwa nimejua amekuja naye. Alikuwa amebeba sahani ya mandazi, kama mtu anayempelekea mfungwa chakula.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Funga mlango. Soma hapa."

Nikampa simu. Hakuisoma. Aliitupia jicho mara moja, akanirudishia.

"Kwa hivyo unajua," nikasema.

"Mama, naomba usitoe hiyo kitu."

"Ni kibanda changu, Mitchelle. Wewe umekula kutoka kile kibanda."

"Najua. Lakini wakubwa wake walimwambia asipopiga kura hivyo barabara ya wadi haitapata lami, na uchaguzi ni mwaka ujao. Akianguka tunaenda wapi? Nyumba ni ya mkopo. Wewe utamsema leo, ulale. Mimi ndio nitarudi naye kwa gari."

"Kwa hivyo ninyamaze?"

"Nakuomba tu. Kwa sababu ya Travis."

Akakaa kando yangu. Mtoto niliyembeba mgongoni nikipanga nyanya, sasa ana kucha ndefu za rangi na macho ya mtu asiyelala. Kama angenigombeza ningemjibu, mimi nina majibu ya kutosha. Lakini aliomba. Nikala andazi kwa sababu sikujua lingine la kufanya na mdomo wangu.

Huko nje kalamu ilikuwa inazunguka. "Wewe anza." "Kwa nini mimi? Anza wewe." Halafu Chepchumba, Mungu ambariki, akasema, "Mheshimiwa, sisi hatuwekangi sahihi kabla ya mwenyekiti."

Halafu Sydney akacheka, kicheko cha mkutano wa hadhara.

"Sawa kabisa! Basi mama atubariki. Atuombee akiwa huko huko, kisha tuandike. Maombi hayazuiwi na ukuta, ama namna gani?"

"Ni kweli!" wakaitikia. "Mama Mitchelle, tuombee!"

Alitaka wasikie sauti yangu iko upande wake. Alisahau kitu kimoja: nikiomba, siongei na mkwe. Naongea na Mungu. Na katika mtaa huu, hata nyumba ikishika moto, hakuna anayemkatiza mtu akiomba.

Mitchelle akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikauacha ukae kwangu, na kwa ule mwingine nikainua simu karibu na miwani.

"Tufumbe macho!" nikasema kwa sauti ya madhabahuni. Nikasikia viti vikilia, watu wakisimama.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa uzima, na kwa mvua, na kwa wageni waliokuja bila kutangaza. Bwana, wewe unaona yote. Uliona Jumatano, tarehe kumi na moja, saa nane na nusu mchana, mswada wa kuondoa vibanda ukisomwa mara ya pili. Uliwasikia wakiitwa majina, mmoja mmoja. Waliosema la walikuwa kumi na tisa, Baba, na wewe unawajua. Waliosema ndiyo walikuwa thelathini na mmoja. Na wa kumi na nne, Bwana..."

"Amina!" Sydney akasema kwa nguvu.

Hakuna aliyemfuata.

"Na huyo anayeitikia amina, Baba, mbariki, kwa maana amekubali. Wa kumi na nne ni mtumishi wako Khaemba, Sydney. Alisema ndiyo. Bwana, si mimi ninayesema, imeandikwa, na kila mwenye simu anaweza kusoma. Tunaomba uwape kina mama hawa macho ya kuona karatasi isiyo na maneno juu. Tunaomba..."

Mkono wa Mitchelle ukatoka kwangu.

"...tunaomba utusamehe sisi tuliojua siku nne tukanyamaza. Na umlinde binti yangu. Mlinde, Baba, hana kosa."

Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Nikasema amina haraka.

Sebuleni walipoitikia, niliisikia sauti ya Wangare juu ya zote: "AMINA! Leteni hilo beseni."

Simu zikagawanywa, sikusikia tena kicheko. Mtu akataja jina la tovuti herufi kwa herufi. Becky akasoma polepole kama mtoto wa shule, akafika kwenye Ndiyo, akairudia.

"Mheshimiwa, keti," Chepchumba akasema.

"Mama zangu, hiyo mambo mnaielewa vibaya. Kura ya pili si kura ya mwisho. Huwa kuna mikakati."

"Keti utueleze hiyo mikakati. Sisi leo hatuna haraka. Kalamu yako hii hapa."

Walimzunguka, nadhani, kwa sababu sauti zao zilikuwa zinatoka mahali pamoja. Orodha ilirudi kwake bila jina hata moja. Wakamdai aandike kwa mkono wake kwamba Jumatano atasema la. Akasema hawezi kuandikishwa kama mwizi wa kuku. Wangare akasema basi atabaki hapo mpaka Jumatano, godoro lipo.

Na mimi nilikuwa bado ndani. Nilikuwa nimesahau hilo. Asipotoka yeye, sitoki mimi, na kina mama wangu ndio walikuwa wamemzuilia. Chai sasa haikuwa inauliza tena. Nikavuta ndoo kutoka chini ya kitanda. Tuiache hadithi ya ndoo hapo.

Mitchelle alikuwa amesimama dirishani, ameshika vyuma, amenipa mgongo.

"Umemshtaki kwa Mungu," akasema. "Sasa mimi nitaingia kwa gari na nani?"

"Kaa hapa kwangu leo."

"Leo. Na kesho?"

Akageuka, akachukua simu kitandani. Nilifikiri anataka kuona kama niliongeza chumvi. Alisoma ile kura, kisha akapandisha juu kwa kidole, akashuka, akafungua mahali ambapo mimi sikuwahi kufungua. Nilisogea nikaona: siku za vikao, na mbele ya jina la mumewe, alikuwepo, hakuwepo, hakuwepo, hakuwepo.

"Hii tarehe tatu," akasema. "Aliniambia walikaa mpaka jioni."

"Mitchelle, lete simu."

"Na hii. Hii alisema kamati ilienda Naivasha, walilala huko." Alikuwa haongei na mimi. "Wameandika hakuna kikao."

"Mwanangu, hiyo tovuti ni ya miswada. Lete."

Nilinyoosha mkono, akausogeza kando taratibu, vile mtu anavyosogeza pazia. Huko nje kiti kikaburutwa. Sydney aliita, sauti yake sasa ndogo, haina mkutano wa hadhara ndani yake.

"Mama Travis! Toka twende!"

Mitchelle hakuinua kichwa. Alikaa chini sakafuni, akaegemea mlango kwa mgongo wake wote, akazidi kushuka na kidole.

"Mama," akasema, "mwaka uliopita unafunguliwa wapi?"