Mtoto Asiyenyanyulika wa Keko

Jumamosi asubuhi Mwajabu alikuwa uani anafua nepi aliposikia kitanda kimevunjika. Kilikuwa cha mninga, na aliyelala juu yake ni bintiye Farida, ambaye hajatimiza mwaka. Fundi Jamali, aliyekitengeneza, alikuja kukikagua.

“Mbao haina kosa, dada. Mtoto ndiye mzito.”

“Najua.”

Farida alikuwa mwembamba, lakini hakuna aliyeweza kumnyanyua isipokuwa mama yake. Mzani wa kliniki ulipokatika, muuguzi aliwaelekeza kwa Demetria, mtafiti wa maabara ya mionzi.

Demetria alizitenganisha protini za damu ya mtoto, akazimulika kwa mionzi, maana kila metali ikimulikwa hujibu kwa mwanga wake. Katika protini inayosaidia kutengeneza damu, mahali pa zinki iliitika risasi, ile ya kwenye betri.

“Imekalia kiti cha mwenzake,” alisema. “Mmepakana na nani?”

“Kiwanda cha kuyeyusha betri.”

Mwajabu akampelekea majibu Revelian, meneja wa kiwanda.

“Kipimo cha mtoto mmoja hakisemi kitu, mama. Mrudishe nyumbani.”

“Mrudishe wewe.”

Akatandika kanga mbele ya lango, akamkalisha Farida. Walinzi walijaribu kumwondoa, wakashindwa. Ikaletwa mashine ya kunyanyulia mizigo, ikainuka yenyewe magurudumu ya nyuma. Malori ya betri chakavu yakapanga foleni hadi barabarani.

Adhuhuri jirani yake Loveness akaja na watoto wake pacha, akawakalisha kando ya Farida. Wengine wakafuata. Ikajulikana kwamba nyumba nyingi za mtaa zilikuwa zikilaza watoto sakafuni, kila moja ikidhani ni aibu yake peke yake. Demetria akaja na sindano, akachuchumaa, akachukua damu ya wote. Majibu yakawa yale yale. Wakubwa wa serikali wakayapokea, wakasema wanayafanyia kazi.

Kiwanda kikabomoa ukuta wa nyuma, kikaweka lango jipya. Malori yakaingia. Revelian akatoka kuwaaga kina mama.

“Hili lango hatulitumii tena, Mama Farida. Nendeni mkapumzike.”

Mwajabu alikuwa anakung’uta kanga.

“Ukuta wenu una pande nne,” alisema, “na watoto sie tunao.”

Kina mama wakawabeba watoto, wakaanza kuuzunguka ukuta. Juu yao bomba lilikuwa linatoa moshi kama jana.