Msomaji Mwenye Kofia

Picha ilikuwa nzuri kupita kiasi, na balaa lilianzia hapo.

Msanifu wa kurasa za mtandaoni aliichora blogu nzima kwenye kompyuta, akaichapa kwenye karatasi ngumu, akamkabidhi shangazi kana kwamba anampa mtoto mchanga. Juu kulikuwa na jina, "Sindano na Uzi". Katikati, habari ya kwanza. Chini kabisa, ili mahali pa maoni pasikae patupu, alichora bwana mmoja mwenye kofia ya bluu na masharubu yaliyochanwa, akamwekea maneno: "Umenigusa sana. Usiache kuandika."

Shangazi aliibandika ukutani, juu ya cherehani aliyoifunika shuka. Zamani alikuwa akiongea mpaka pini zinamdondoka mdomoni. Tangu macho yalipomgomea na duka la ushonaji likafungwa, alikuwa amenyamaza kama nguo iliyokunjwa kabatini. Ile picha ilimfungua mdomo na kalamu. Akaandika juu ya bibi harusi aliyenenepa ndani ya wiki moja, juu ya zipu zilizomvunjia heshima, na kila akimaliza ukurasa aliutazama ukuta, kuona kama bwana amependa au vipi.

Kazi ya kuigeuza picha iwe blogu ya kweli alipewa mtoto wa kaka yake. Nyumbani walimwita Kimya, kwa kuwa aliona haya hata kuomba sukari iongezwe. Aliikata picha vipande kama anayekata gauni: kichwa, mwili, pembeni, pindo. Kwenye simu, vipande vilipandana kama abiria wanaogombea kiti. Akavibembeleza mpaka vikatulia. Jumamosi asubuhi akamfungulia shangazi kwenye kompyuta.

Shangazi alivaa miwani, akateremka na ukurasa mpaka chini.

"Maoni sifuri," alisoma. "Yuko wapi?"

"Nani, shangazi?"

"Bwana wa kofia."

"Yule... yule ni wa mfano tu. Alichorwa kujaza nafasi."

"Mwanangu, mimi mteja akileta picha, kilicho pichani ndicho atakachovaa. Mmoja alileta picha ya mwanamke kashika mwavuli. Nikamshonea gauni, nikamshonea na mwavuli. Alilalamika?"

"Hapana, shangazi."

"Basi niletee bwana wangu. Bila yeye siandiki hata nukta."

Akaivuta shuka ya cherehani, akaifunika na kompyuta humo humo.

Kimya alimpigia msanifu.

"Nilisema nukta kwa nukta!" msanifu alifoka. "Kama hayupo, kazi hujamaliza."

"Lakini anaishi wapi?"

"Chini kushoto! Hujaona?"

Angeweza kuyaandika maoni yale mwenyewe, kwa jina la kubuni. Lakini shangazi angemjibu yule bwana, bwana angelazimika kujibu tena, na mwisho wake angealikwa chakula. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingeishia mezani.

Mume wa shangazi, ambaye Kimya alimwita mjomba, alikuwa kwenye kiti chake, ameupa ukuta mgongo.

"Hata chai hainishuki," alisema. "Jitu linanitazama tu. Ana nini nisichonacho?"

"Kofia," shangazi alijibu. "Na anasoma."

Kimya alitazama lile rundo lililofunikwa. Akajikaza.

"Shangazi, kitambaa cha pichani kikikosekana dukani, ulikuwa unafanyaje?"

"Natafuta kinachofanana. Nakishika, nakivuta, naangalia kama hakichuji..."

Akamgeukia mumewe taratibu.

"Wewe. Simama hapo dirishani."

Alimpima kichwa kwa utepe. Akamvuta shavu.

"Umewahi kusoma nini?"

"Magazeti. Na yale makaratasi ya ndani ya dawa."

"Unafika mwisho?"

"Mpaka kwenye tahadhari."

"Hutachuja?"

"Mama watoto, miaka yote hii nimechuja?"

"Rangi kidogo," alisema shangazi, na akaifunua cherehani.

Kimya alimtungia uzi. Kofia ilitoka ya bluu, imepinda upande, nayo ikamwingia mjomba mpaka masikioni. Akaketi mbele ya kompyuta kama mtu wa mtihani, akasoma huku midomo ikicheza. Kwa bibi harusi alicheka. Alipofika siku duka lilipofungwa, aliacha kucheka, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi:

"Sikujua kama ulilia. Nilikuwa chumba cha pili, nikadhani ni cherehani. Kwa bibi harusi umetia chumvi. Usiache kuandika."

Kimya alimpiga picha, akaiweka chini kushoto.

Shangazi alisoma, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Hafanani naye," alisema hatimaye. "Ila amekaa vizuri."

Akavuta kiti, akamsukuma mumewe kwa kiuno, akaanza kumjibu.

Simu ya Kimya ikalia. Msanifu alikuwa ameifungua blogu na kuilinganisha na picha yake.

"Kofia naiona. Masharubu je?"

Kimya alimtazama mjomba. Mjomba alipapasa mdomo wa juu, akafikiri.

"Mwambie," alisema, "yanaota."