Dakika Moja Juu ya Mkono wa Kapita

…kumi na tisa, ishirini, usimwangalie usoni, Émérance, angalia saa, ishirini na moja, ukimwangalia usoni utaliona lile kovu juu ya jicho, na ukiliona kovu hesabu itakutoroka, na hesabu ikitoroka unaanza upya, ndivyo Masere Klara, mtawa aliyewafundisha, alivyowapigia kelele miaka mitatu kule shuleni Kasongo, wasichana tisa wenye vitambaa vyeupe kichwani, vidole vitatu juu ya mshipa, kidole gumba hapana, kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, kitawadanganya, na dakika nzima, si nusu dakika halafu unazidisha, moyo mgonjwa unafanya uhuni wake katika ile nusu usiyoihesabu, ishirini na mbili, na chini ya sitini dawa haitolewi, mnasikia wasichana? dawa hii ya moyo ikimjaa mtu inageuka, inaushika moyo na kuusimamisha… ishirini na tatu, pole pole hivi, mbona pole pole hivi, juzi ulikuwa unakwenda mbio kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja, leo mchi mmoja tu, unapanda, unakaa juu, unasahau kushuka, ishirini na nne, na mtoto mgongoni anapiga visigino, tulia Cécilia, tulia mama yangu, kifua chako kinadunda mgongoni kwangu upesi upesi na mimi sijui tena ninahesabu moyo wa nani.

"Mama Cécilia," Waridi anasema, mke wa mgonjwa, amesimama ng'ambo ya kitanda na kikombe cha maji mkononi, "umupe basi, jua limepanda, ni saa ya dawa"… ngoja, Mama, ninahesabu, ishirini na tano, na kinini chenyewe, kidonge cha moyo, kipo hapa, katika mkono wake wa kushoto, kidogo, cheupe, kimeanza kulowa jasho, na karatasi ya Muganga Zéphirin imepigwa msumari ukutani inasema kimoja asubuhi kimoja jioni, naye Zéphirin amepanda baiskeli tangu juzi kwenda Wamaza kuchanja watu, amemwachia ufunguo wa kabati, dispanseri nzima ya Kabambare, wagonjwa kumi na mmoja, na huyu, amemwachia huyu, hakujua, angejuaje, yeye ni mtu wa Kindu, hajui kwamba mzee Lukumani anayekaa wima kitandani, mgongo juu ya magunia matatu yaliyojazwa pamba, alikuwa kapita wa pamba, msimamizi wa mizani na fimbo, na pamba hiyohiyo ndiyo inayomshikilia sasa, maana akilala chali maji yanampanda kifuani, anazama, mtu anazama juu ya kitanda kikavu, ishirini na sita, ungevuta gunia moja tu, Émérance, moja, ungesema ninalibadilisha limelowa, na yeye angekodoa macho, angetapatapa, angekamata hewa kwa kucha… ishirini na saba, Bikira Maria, nitoe mawazo haya.

Maana kila alichofundishwa kumtunza mtu huyu kinaweza kumuua, hilo ndilo linalomtetemesha tangu juzi, kumbe masomo yote ya Masere yalikuwa kisu chenye makali pande mbili, maji mpe kikombe hiki kwa siku nzima, ukimpa mtungi unamzamisha, chumvi usimpe, ukimpa unamvimbisha, na Waridi anamvimbisha bila kujua, ameambiwa chumvi hapana akaapa kwa Mungu kwamba haweki, halafu jana Émérance akaonja ile sombe, majani ya muhogo aliyompikia mzee, chumvi tupu! "Mama Waridi, hii ni nini?" "Hiyo si chumvi, mwanangu, hiyo ni ya majani ya mtoni, tunachoma, tunachuja jivu lake, chumvi muliyotukataza si ile ya duka, ya Wazungu?" na wagonjwa wa chumba kizima wakacheka, na yeye akacheka, Mungu amsamehe, alicheka huku akibonyeza mguu wa mzee na kidole kikazama na shimo likabaki pale, kama tonge la ugali ulilolitoboa uchote mchuzi, ishirini na nane, ishirini na tisa, akaandika kwenye daftari, miguu imevimba mpaka magoti, mishipa ya shingo imesimama kama kamba, mkojo chupa nusu, uzito kilo themanini, juzi sabini na nane, kilo mbili za maji kwa siku moja, wakampima kwa mizani ya pamba, ile ya ndoano, dispanseri haina nyingine ya kumpima mtu asiyeweza kusimama, wanaume wawili wakamfunga kwenye turubai wakamning'iniza, kapita Lukumani akining'inia kwenye ndoano yake mwenyewe, na Émérance alisoma namba, alisoma vizuri, hakuweka mguu chini ya turubai…

"Vyote manjano," mzee anasema, sauti kama mfuniko wa sufuria inayochemka, "shuka manjano, na wewe mama, uso manjano," thelathini, "hesabu kwa sauti, mama, nami nisikie."

Thelathini na… nini amesema? Hesabu kwa sauti nami nisikie, maneno yaleyale, mpangilio uleule, thelathini na moja, usiache mshipa, usiache, lakini soko la pamba limekwisha kufunguka ndani ya kichwa chake na vumbi lake na mbuzi wake, mwaka wa arobaini na nne, Wazungu wanapigana vita kwao na pamba inatoka kwetu, yeye ana miaka minane na gauni la misheni, na kikapu cha baba yake, Gérard, kimetundikwa kwenye ndoano, na ncha ya kiatu cha kapita iko chini ya kikapu, inakiinua kipungue uzito, watu wote wanaiona na watu wote wanaangalia mbuzi, na baba, mjinga wa baba, mpole wa baba, anasema, "Kapita, ondoa mguu," hayo tu, thelathini na mbili, wakamlaza chini, polisi wa chifu alishika vifundo vya miguu, na Lukumani, kovu lilelile juu ya jicho, alishika fimbo ya ngozi ya kiboko, akaangaza macho, akamuona, "Wewe, wa masomo, Wapadri wanawafundisha nini huko? hesabu kwa sauti, nami nisikie, sheria inasema nane"… moja, akasema, na ngozi ikapasuka kama kitambaa kipya, mbili, tatu, nne, baba anauma mchanga, tano, kitu cha moto kikamrukia mdomoni, akakilamba kabla hajajua ni nini, na sauti ikakauka. "Haijui hesabu hii! Tunaanza upya." Thelathini na tatu, thelathini na nne. Moja, mbili, mara ya pili alifika sita, na kwa hofu akasema sita tena, na watu wakaguna, na kapita akafuta jasho akacheka, "Shule ya bure kabisa, upya!" na mara ya tatu alihesabu kwa kupiga kelele, macho amefumba, moja mpaka nane, hakukosea hata moja, na alipofumbua hapakuwa na mgongo, palikuwa na nyama ya buchari, tano na saba na nane, ameijumlisha hesabu hii kila siku ya maisha yake, jikoni, kanisani, katika uchungu wa kuzaa, ishirini, ishirini mahali pa nane, kumi na mbili ni zake yeye, zilitoka katika mdomo wake, thelathini na tano, na siku ya sita baba alikufa akiutazama ukuta, hakumgeukia, na mtoni wanawake walinong'ona bila kuficha, ndiye huyu, mutoto aliyemuhesabia baba yake kaburi.

"Kinini, Mama Cécilia!" thelathini na sita, thelathini na saba, na kutapika, ndiyo, ametapika pia, alfajiri, Waridi alisema ni sombe, na sasa kila kitu manjano, manjano… Masere Klara ubaoni, chaki, mgonjwa akitapika, akiona manjano, mapigo yakipungua, dawa imeshamjaa, msimwongezee hata chembe, thelathini na nane, basi ndiyo hiyo, ndiyo maana mchi unasahau kushuka, na kinini kiko mkononi, na karatasi ya Zéphirin inasema mpe, na mke anasema mpe, na mgonjwa mwenyewe ameshafungua mdomo kama kifaranga, thelathini na tisa, hakuna gunia la kuvuta, hakuna kosa la kufanya, ni kutii tu, Émérance, kutii karatasi, weka hiki kitu cheupe juu ya ulimi ule na ukae utazame moyo ukiteleza, ukikwama, na mtu atakayekulaumu hayupo kutoka hapa mpaka Salamabila, watakushukuru, Waridi ataleta kuku… arobaini, mkono wake wa kushoto umeshainuka, ameuona ukiinuka, umefika usawa wa kidevu cha mzee, arobaini na moja, na ukikataa? ukikataa akifa adhuhuri watasema ulimnyima, wana wake wanne watakuja na mapanga, na mtoto huyu mgongoni, arobaini na mbili, ukimpa uko salama ukimnyima umekwisha, arobaini na tatu.

Na chini ya vidole vitatu mkono huu. Aliuona sasa, kwa mara ya kwanza aliuangalia mkono wenyewe na si saa, mkubwa, umevimba, sugu ya zamani kati ya kidole gumba na cha shahada, pale mshikio wa fimbo unapokaa, arobaini na nne, ni huu, si ulimi wa mtoto wa miaka minane, huu hapa ndio uliopanda na kushuka mara ishirini, na kama ningehesabu vizuri? ungetafuta kosa kwenye kikapu, kwenye shamba, kwenye kikohozi, mtu mwenye njaa ya kupiga hakosi sababu, arobaini na tano, mimi sikupiga, mimi nilihesabu tu, baba, nilihesabu kwa sababu niliogopa, nilikuwa mdogo kuliko fimbo yenyewe… arobaini na sita, na leo ukimpa hiki kinini, leo utakuwa umepiga, arobaini na saba, hii itakuwa ya kwanza yako, arobaini na nane, na mshale wa saa ukafika juu, dakika imetimia.

Arobaini na nane. Alifunga kiganja. "Leo hakuna dawa," akasema, na sauti haikuwa yake, "na jioni hakuna, nitaandika barua kwa daktari Kasongo, dawa imemjaa, ikiongezwa itamsimamisha moyo," lakini Waridi hakusikia sehemu ya pili, kikombe kilishaanguka, maji yakatambaa chini ya kitanda, "Dawa iko mkononi mwako unamunyima! Ninajua wewe ni mutoto wa nani, nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza nikasema ana moyo wa Kikristo, mutoto wa Gérard! unamuua bwana yangu kwa sababu ya Gérard!" na chumba kizima kikageuza vichwa, na Cécilia akaanza kulia, na mzee akafumbua macho yake mazito, akamtazama Waridi, akamtazama yeye, kovu juu ya jicho likapanda kwa mshangao mdogo, mshangao wa mtu aliyeulizwa njia ya mji asiowahi kuusikia.

"Gérard gani?" akasema.

Kumbe miaka kumi na miwili Émérance ameibeba hesabu ile peke yake, na kwa mzee hata jina halikubaki, akakitupa kinini katika mkebe wake, akafunga mfuniko, na Waridi alikuwa bado anapiga kelele, na mlango ulikuwa bado wazi kwa yeyote mwenye panga, na hofu ilikuwa palepale, lakini vidole vyake vitatu vilirudi wenyewe juu ya mkono ule, vikautafuta mshipa, vikaupata, dakika nzima, safari hii kwa sauti, nawe usikie.

"Moja," akasema.