Mistari Mitatu ya Chini

Asubuhi ya siku ambayo Njau alikuwa atetee tasnifu yake saa nane mchana, Daktari Wavinya alipanda ngazi za ploti moja ya Kahawa Wendani, alikopanga Njau chumba. Yeye ndiye msimamizi wake. Yeye ndiye aliyempa lile jedwali. Na jedwali lenyewe, haki ya Mungu, lilikuwa na uongo.

Uongo wenyewe ni hivi. Njau alikuwa akichunguza migongano: chembe ya heli ikiigonga molekuli ya kaboni monoksaidi, ni nishati kiasi gani inahama na kuifanya ile molekuli izunguke? Ukitaka hesabu kamili, kompyuta itakesha wiki kadhaa. Kwa hivyo watu hukadiria. Unajifanya molekuli imesimama tuli heli ikipita, unamaliza kwa dakika kumi. Gesi ikiwa ya moto, heli hupita mbio na makadirio hayakuangushi. Ikiwa ya baridi kali, heli inajikokota, molekuli inazunguka mara kadhaa kabla haijaachwa, na makadirio yanageuka takataka. Hapo lazima uyapime kwa hesabu kamili. Jedwali la Wavinya ndilo lililokuwa kipimo hicho: mistari kumi na miwili, na juu yake ameandika kwamba yote imehakikiwa.

Tisa aliihakiki. Mitatu ya chini, ile ya baridi, wapi! Mwaka aliolitengeneza alikuwa akiishi Thika, upande wa Chania, stima ikipotea kila siku ya pili na kompyuta ikianza upya, na tarehe ya kuliwasilisha imeshafika. Akakisia kwa macho kutokana na ile tisa, akajaza. Mtu mzima na akili zake! Alijiambia ni nani atakayeihitaji hiyo mitatu.

Njau aliihitaji. Tasnifu yake nzima ilikuwa ya gesi ya baridi. Na jana jioni Wavinya alikuwa amesoma maswali ya mtahini wa nje, na swali la kwanza lilikuwa hilo hilo. Muda wa Njau chuoni ulikuwa umeongezwa mara mbili, na ulikuwa unaisha mwezi huu. Apite leo, ama miaka sita iende na maji.

Alimkuta akipiga shati pasi, akiimba.

"Madam! Umekuja mpaka huku? Ngoja nikutolee nguo kwa kiti."

"Njau, usinipe kiti. Ile mistari mitatu ya chini sikuipigia hesabu. Niliijaza tu."

"Uliijaza aje?"

"Kwa macho."

Njau aliichomoa pasi polepole. "Unakumbuka Februari nilikuletea karatasi ofisini?"

Alikumbuka. Alikuwa akisahihisha mitihani, na karatasi hakuigusa.

"Nilikuwa nimeipigia hesabu kamili hiyo mitatu," Njau akasema. "Miezi miwili kwa kompyuta ya maabara. Zangu zikatoka karibu nusu ya zako."

"Nikakuambia umekosea mahali."

"Ukaniambia nitumie zako."

"Ziko wapi, Njau? Nipe tuzipeleke sasa hivi!"

"Nilifuta zote. Na karatasi nikatupa. Nilisema napoteza wakati na ujinga wangu."

Ngai! Mungu wangu! Kama ni matusi Wavinya angeyapokea, lakini kijana alilichukua shati lake akalivaa, akafunga kifungo kimoja kimoja.

Saa nane, kabla mtahini hajafungua mdomo, Wavinya alisimama mbele ya wote akasema kila kitu. Mwenyekiti wa jopo alivua miwani. Mtahini hakushangaa hata kidogo.

"Nilishuku," alisema. "Mstari wa mwisho niliupigia hesabu mwenyewe. Umeandikwa nane nukta sita. Mimi nilipata nne nukta moja."

"Tafadhali, rudia," Njau akasema.

"Nne nukta moja."

"Hiyo ndiyo yangu." Alisimama bila kujua amesimama. "Hiyo ndiyo niliyopata mimi!"

"Unayo hapo?" mwenyekiti akauliza, na kila mtu aliona alivyotamani aambiwe ndiyo.

"Niliifuta."

Walitolewa nje kwa dakika ishirini, wakaitwa tena kuambiwa uamuzi. Tasnifu haiwezi kupita na jedwali hilo, na muda wa kulirekebisha haupo. Kesi ya Wavinya ingesikizwa siku nyingine. Yeye angepewa siku nyingine, unaona?

Nje, kwenye veranda, Wavinya alianza kuomba msamaha. Njau alikuwa akilia, na usoni kulikuwa na furaha fulani ambayo Wavinya hakuweza kuitazama.

"Nne nukta moja, Madam," alisema. "Na mimi miezi nane yote nimekuwa nikijua kwamba sina akili."