Mama wa Viti vya Chini

Sinema Malakite haikujengwa kwa ajili yetu, na mtu asinidanganye kuhusu hilo. Ilikuwa mwisho wa galeria ya maduka, katikati ya Likasi, na Wazungu waliokaa balkoni enzi za Jadotville, jina la kikoloni la mji huu, hawakutaka kusikia hata kikohozi chetu. Baadaye machimbo yakawa ya serikali, balkoni ikawa ya makada, yaani wakubwa wa kampuni, pamoja na wake zao. Sisi wengine tukapewa viti vya mbao vya chini. Mimi nilikuwa mshika tochi, nikiwapeleka watu kwenye viti vyao, juu na chini, kwa hiyo niliona mambo ya pande zote mbili.

Chini alitawala Mama Germaine. Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, na yeye alikuwa amejifunza Kifaransa jikoni kwa masista. Filamu zote zilisema Kifaransa, na watu wa chini hawakuambulia kitu, basi yeye alieleza kwa Kiswahili, kwa sauti, huku picha zinaendelea: huyu anadanganya, yule ana bastola ndani ya koti, dada huyu asimwamini. Akichoshwa na maneno ya filamu, alitia ya kwake, na mara nyingi yalikuwa bora. Wengine walikuja kwa ajili yake tu. Binti yake Clémentine alikulia mapajani mwake mlemle, akila karanga.

Clémentine akaolewa na Étienne, fundi aliyesoma, ambaye alikuwa anatajwatajwa kupewa ukada. Cheo kile kilimaanisha nyumba yenye bustani, shule nzuri ya watoto, na kiti cha balkoni. Mwaka ule maduka ya galeria yaliponyang'anywa wageni na kugawiwa vigogo, mkurugenzi wa Étienne na mkewe waliwaalika sinema. Niliwapandisha mwenyewe. Clémentine alivaa kitenge kipya na hakunisalimia, mimi niliyemfuta makamasi.

Chini, maelezo ya Mama Germaine yalikuwa yamepamba moto. Mke wa mkurugenzi alicheka kwa dharau, akauliza kwa Kifaransa ni nani yule mpiga kelele wa sokoni. Étienne alitazama viatu vyake. Wakati huohuo mkanda ukaisha. Tulikuwa na mashine moja tu, hivyo kila mkanda ulipobadilishwa ukumbi mzima ulinyamaza gizani. Kifaransa kikamkimbia Clémentine. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha Likasi, na jibu lake likashuka mpaka viti vya mbele.

“Ule mama, minye simujue.”

Alimkana mama yake hivihivi tu, na mkanda mwingine ulianza. Mama Germaine hakusema neno. Watu walimgusa bega, wakambembeleza, naye akatazama mbele tu. Filamu ilikwenda hadi mwisho kwa Kifaransa chake, na mimi niliona haya hata nikazima tochi nisiuone uso wake.

Étienne alipata cheo. Mama Germaine aliendelea kuja sinema, akakaa palepale, kimya. Clémentine alimpelekea unga na mafuta, na kila mara alipokewa kama mgeni, kwa chai na heshima zote. Jambo lile halikutajwa kamwe. Nadhani Clémentine angeshukuru kutukanwa.

Miaka ikapita, galeria ikaoza. Vigogo waliuza bidhaa zote wakafunga milango. Kampuni ikaanza kuchelewesha mishahara, hata ya makada. Balkoni ikafungwa kwa kuwa sakafu yake ilikuwa inabomoka. Ndipo Jumapili moja mchana Clémentine akaja kwenye viti vya mbao, akakaa karibu na mama yake, aliyekuwa amezeeka. Filamu ilipoanza tu, vipaza sauti vikafa. Watu kwenye picha wakabaki kufungua midomo. Ukumbi ukaanza kuita jina la Mama Germaine, kwanza wazee, halafu hata vijana waliokuwa wamesimuliwa tu habari zake.

Clémentine alipiga magoti juu ya maganda ya karanga, mbele ya watu wote, akamshika mama yake mikono.

“Mama, unisamehe. Bantu banaita weye. Utuambie basi.”

Mama Germaine alimwinua taratibu, akampangusa vumbi magotini, kama alivyokuwa akifanya zamani. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akawageukia waliokuwa wakimwita, akawajibu kwa sauti yake ileile, iliyofika mpaka balkoni.

“Ule mama, minye simujue.”