Samsoni wa Maharage Sitini

Mimi mpira siujui, na sioni aibu kulisema hilo. Ninachokijua ni vitambaa, kwa kuwa ni fundi cherehani, na watu, kwa kuwa miaka ishirini nimewapima viuno huku nikiwasikiliza wakidanganya juu ya unene wao. Anayejua watu hahangaiki sana na mpira. Mwaka ule niliwaonyesha hivyo wenzangu wote watatu wa nyumba yetu ya Engutoto, wa kwanza akiwa mume wangu, Aminiel, mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mwenye duka la mabati na misumari kule Themi.

Mchezo uliletwa na Derick, mwanetu wa kidato cha tatu. Tangu mambo yawe ruksa, vitu vilikuwa vimeingia Arusha kwa fujo: mitumba, madishi ya televisheni, na vile vyumba vya kompyuta ambako vijana hulipia dakika. Huko ndiko Derick alikosikia kwamba kuna watu wanaochagua wachezaji wa kweli wa ligi ya Uingereza, kila mtu anaunda timu yake ya kichwani, na mchezaji wako akifunga uwanjani wewe unapata alama ukiwa umekaa kwako unamenya ndizi. Kompyuta hatukuwa nayo. Tulitumia daftari.

Baba yake alikunja uso na kuuliza kama hiyo si kamari. Derick akaapa kwamba hakuna hela ndani yake.

"Usiape," Aminiel akamwambia, kisha akaomba kalamu. Ndivyo alivyo. Jambo likishaandikwa kwa mkono wake mwenyewe linakuwa halali. Akaandika kwamba goli ni alama nne, pasi ya goli mbili, lango lisilofungwa moja, na kwamba tukibishana juu ya lolote, gazeti la Jumatatu ndilo neno la mwisho. Baadaye aliongeza kwamba ni marufuku kumwombea mchezaji, kwa sababu binti yetu Princess, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameombea goti la beki wake wakati wa kubariki chakula, na wali ukapoa.

Tushindanie nini sasa? Derick akapendekeza kwamba atakayeongoza hadi Krismasi ndiye aamue tutakula sikukuu wapi. Yeye alitaka Dar es Salaam. Princess alitaka kwenye twiga. Aminiel aliwacheka wote wawili, maana kumwambia Mchaga kwamba Krismasi si nyumbani ni sawa na kumwambia kwamba mwaka huu Jumapili haipo.

"Na mimi nikishinda," nikasema, "tunakwenda Olmotonyi kwa baba yangu."

"Ukishinda wewe, Mama Derick, hata mwezini tutakwenda!"

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Olmotonyi hata saa moja kwa gari haifiki kutoka kwetu, na kwa miaka kumi na minane ya ndoa sikuwahi kula Krismasi pale hata mara moja. Kila Desemba tulipakia mchele na soda tukaenda Machame, kwa mama yake. Mimi kwa baba yangu, mzee Tajeu, nilifika Januari, na kipande cha keki kilichokwisha kukauka. Alikuwa na miaka themanini na ushee. Nilitaka Krismasi moja naye kabla hajafa. Ndicho nilichokitaka, basi.

Kwa kuwa mchezaji mmoja hawezi kuwa wa watu wawili, tuliamua kuwagawana kwa mnada, kama kanisani. Kwetu asiye na hela ya sadaka huleta mayai, mkungu wa ndizi au kuku, na baada ya ibada vitu hivyo vinapigwa mnada nje ya mlango. Aminiel ni maarufu katika mnada huo. Anapandisha bei mpaka wengine wanyamaze, halafu, kama ilivyo desturi, kitu chenyewe hakipeleki nyumbani, anainua mkono na kupaza sauti, "Namzawadia mchungaji!" au "Namzawadia bibi yule!" na watu wanapiga makofi. Amefanya hivyo kila Jumapili tangu nimfahamu. Kuku niliowaona wakienda jikoni kwa wengine ni wengi.

Basi Jumamosi moja ya Agosti tulikaa mezani, kila mtu na maharage yake mia moja ya kununulia, Derick akiwa mnadi. Majina ya wale vijana yalinishinda ulimi, nikawabatiza upya. Kipa mmoja nilimwita Petro kwa sababu ya kulinda lango. Yule aliyekuwa akisitasita mbele ya goli alikuwa Tomaso. Na mfungaji mkubwa kuliko wote, mwenye nywele za kufika mabegani, huyo alikuwa Samsoni.

Alipotajwa Samsoni, Aminiel alisimama kabisa. Princess akasema arobaini. Mimi nikasema hamsini, kwa kumchokoza tu. Aminiel akasukuma rundo kubwa la maharage katikati ya meza.

"Sitini!"

Derick akagonga meza mara tatu. Uso wa mume wangu uling'aa, mkono ukapanda juu, na ile sauti ya Jumapili ikamtoka yenyewe:

"Namzawadia Mama Derick!"

Aminiel akajiziba mdomo.

"Hapana, hapana. Nimeteleza. Ni mazoea tu."

"Baba Derick," nikamwambia taratibu, "umewahi kumnyang'anya mchungaji kuku wake?"

"Lakini Mama Derick, huu ni mchezo!"

"Na kalamu unayo. Andika."

Aliandika. Mzee wa kanisa hawezi kumeza neno lake mbele ya watoto wake mwenyewe. Mimi nilibaki na maharage yangu mia moja yote, na Samsoni juu yake, na jioni ile niliimba jikoni mpaka Princess akaniomba nipunguze.

Sitadanganya kwamba baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Aminiel anaujua mpira. Kwa maharage arobaini yaliyombakia alikusanya vijana wasiojulikana, wanyenyekevu, ambao kila wiki walimletea alama mbili tatu. Watoto waliachwa nyuma mapema wakaacha kuhesabu. Tulibaki wawili, mke na mume, tukilala na kuamka na daftari lile, na Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ilipofika alikuwa amenizidi alama tatu. Timu yake ilikuwa imeshacheza yote. Samsoni alikuwa bado. Goli lake moja tu, na Krismasi ilikuwa yangu.

Tulitoka ibadani, tukala haraka, tukakaa wote wanne mbele ya televisheni. Dakika ya themanini na ushee ikapigwa kona. Samsoni aliruka, akaupiga kichwa, mpira ukamgusa beki begani ukaingia wavuni. Niliruka mpaka kopo la pini likamwagika sakafuni. Nilimkumbatia Princess. Kisha Derick, ambaye Kiingereza cha mtangazaji anakielewa, akageuka polepole.

"Mama, pole. Wanasema beki ndiye amejifunga."

Basi likawa goli la beki, si la Samsoni. Firimbi ikalia. Aminiel hakushangilia, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angeshangilia. Alisema tu, "Machame, basi," akaanza kukusanya sahani ilhali haikuwa zamu yake. Mimi nilikwenda jikoni nikafungulia bomba nikalia, kwa sababu iliniuma. Halafu nikafuta uso nikatoa nguo za Machame za kupigwa pasi. Nilikuwa nimeshindwa kwa haki, nami si mtu wa kununa.

Kesho yake, Jumatatu, mume wangu alikwenda dukani kama kawaida. Wiki ya Krismasi pale Themi hapana pa kukanyaga, kila mtu anataka bati au rangi apeleke kwao. Kwa hiyo saa saba mchana nilipomwona akiingia kwenye chumba changu cha kushonea, nilidhani kuna msiba. Alikuwa na gazeti kwapani. Akaliweka juu ya cherehani, juu kabisa ya gauni la bibi harusi wa watu.

"Soma hapo chini."

Ilikuwa habari ndogo, pembeni. Ilisema kwamba picha zimeangaliwa upya, mpira ulikuwa ukielekea wavuni kabla haujamgusa beki, na goli limehesabiwa la mfungaji. Jina lake la Kizungu silitamki, ila nikiliona nalijua.

"Gazeti hili umelipata saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa ni saa saba."

"Najua ni saa saba." Alivua kofia. "Nililifunika kwa boksi la misumari. Nikasema hakuna atakayeliona, Derick yuko likizo, wewe magazeti husomi. Nikaendelea kuuza. Mara namrudishia mteja chenji kubwa kuliko hela aliyotoa, mara nampimia mwingine kilo mbili aliyetaka moja. Nimeshindwa. Nimefunga duka."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

"Ulitaka kuninyima baba yangu kwa boksi la misumari, Aminiel?"

"Ndiyo."

Hakujitetea. Alisimama pale, mtu mzima, kofia mkononi. Kisha akaniita kwa jina langu la kwetu, ambalo hulitumia akiogopa tu.

"Sinyati, lakini kwa nini hukuniomba? Miaka yote hii, ungeniambia tu."

"Nilikuomba. Mwaka wa kwanza, tulipokuwa bado kwenye kile chumba kimoja. Ulisema, mwakani. Mwaka wa pili nikakuomba tena. Ukasema, mwakani. Mwaka wa tatu nikanyamaza, nione kama utakumbuka mwenyewe."

Alikaa kwenye benchi la wateja. Nikamwacha akae. Nilishona mshono mmoja mrefu mpaka mwisho.

Kisha akatoa simu akampigia mama yake. Alizunguka sana: shikamoo, habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za kahawa. Mwisho akasema kwa pumzi moja kwamba mwaka huu tutakwenda kwa wakwe zake, Olmotonyi, na kwamba anaomba asiudhike. Wazee wetu hupigia simu kelele kana kwamba ni mtu wa ng'ambo ya bonde, kwa hiyo jibu la mama mkwe nililisikia vizuri nikiwa kwenye cherehani yangu.

"Kwani nani alikukataza?"

Simu ilikatika, naye akabaki ameishikilia sikioni.

Siku ya Krismasi baridi ya Olmotonyi ilitukata vidole. Hatukuwa tumemwambia mtu. Tulifika kengele ya pili ikilia, na ndani kanisa lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama ukutani. Baba yangu alikuwa benchi la pili kutoka mbele. Watoto walimwinamia kwa salamu ya kwetu, akawagusa vichwa, mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba," Aminiel akasema.

"Marahaba." Hakuuliza kitu, wala hakushangaa. Aliinua fimbo yake iliyokuwa imelazwa juu ya benchi, kutoka alipokaa yeye hadi mwisho, nasi tukakaa wote wanne.

Nyuma yetu alikuwa Resiato, jirani yake. Aliinama akaninong'oneza, lakini Resiato akinong'ona anasikika hadi madhabahuni.

"Leo tumeipona hiyo fimbo. Kila Krismasi mzee analaza fimbo hapo. Mtu akitaka kukaa anamwambia pana wenyewe, wako njiani."

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu uolewe."

Aminiel alisikia. Nilimwona akiinamisha kichwa, na mchungaji alikuwa bado hajasema tuombe.