Papa wa Masijala

Kila asubuhi saa moja na nusu mtangazaji alisoma kipindi chake cha dakika tano, Siku Kama ya Leo. Jumanne ile alikuwa na kufunguliwa kwa daraja la chuma, kuzaliwa kwa bingwa wa mbio ndefu, na simu ya kwanza kupigwa mjini. Alipozima kipaza sauti alimkuta mtunza masijala, aliyezoeleka kwa jina la Bi Faili, amesimama mlangoni, sketi imelowa hadi magotini.

"Mwanangu, kule chini kuna papa."

Masijala ya redio ilikuwa chini ya ardhi, na maji yalikuwa yameijaza tangu bomba kuu lipasuke. Papa mwenyewe alikuwa wa ile jamii iliyotoweka kabla binadamu hajakanyaga dunia. Urefu wake makabati tisa ya majalada. Jino moja kama kiganja. Fundi umeme alishuka, akamtazama, akasema papa asisogelee swichi tu.

Tangu hapo papa aliibuka ngazini kila asubuhi na jalada moja mdomoni, na tarehe ya jalada haikukosa hata mara moja kulingana na ya siku hiyo. Bi Faili alilianika mbele ya feni, akalipandisha studio. Wasikilizaji walisema kipindi kimenoga.

Wiki ya tatu papa alileta orodha ya abiria waliozama. Ilikuwa ya kivuko kilichozama siku kama ile, miaka ishirini na miwili nyuma. Mji mzima ulijua wamekufa watu kumi na mmoja. Orodha hii ilikuwa na majina mia mbili na sita, na wa sabini na nne alikuwa baba yake mtangazaji.

Nyumbani walijua vingine. Baba yake hakufa. Baba yake alikimbia nyumba. Mama alikwenda kuuliza bandarini, akajibiwa, "Jina halimo, mama, labda kapata mwingine," na tangu siku hiyo alimlaani asubuhi na jioni.

Chini ya orodha palikuwa na wino mwekundu: *Isitangazwe*. Saini ilikuwa ya meneja wa redio, wakati ule mhariri wa habari.

Meneja aliisoma akiwa wima.

"Baba yangu yumo humu, mzee."

"Naona." Akamrudishia. "Leo pia alizaliwa yule mpiga tarumbeta. Soma huyo."

Mtangazaji alisoma orodha hewani. Alipofika jina la tatu, ikasikika tarumbeta.

Alimkuta mama jikoni, mwiko mkononi. "Mbona wamekukata?" Akamweleza. Mama alijishusha sakafuni kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta kiti kisichokuwepo.

"Nimemtukana," alisema. "Hata leo, nikiwa natia chumvi."

Kesho yake papa alileta orodha ileile. Keshokutwa vilevile. Hakuleta tena kitu kingine. Meneja aliweka utaratibu: ipokewe, igongwe muhuri, irudishwe majini. Mtangazaji alihamishiwa utabiri wa hali ya hewa. Mama yake akawa anakuja kila asubuhi, anavua viatu, anakaa ngazi ya mwisho na kumwomba papa asogee kidogo, kisha anazungumza na mumewe.

Mwaka ulipozunguka, msomaji mpya alitangaza kumbukumbu ya ajali ya kivuko, watu kumi na mmoja. Mama alikuwa ngazini, akasikia kila neno kwenye spika ya ukutani. Alingoja Bi Faili agonge muhuri, akaipokea orodha kwa mikono miwili, akaitumbukiza majini mwenyewe.